Sala ya Mstarini

Sekondari ya kata ni shule ya serikali, mara nyingi ya kutwa, iliyojengwa ili watoto wa kata moja wasome karibu na kwao. Katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, ndiyo sekondari ambayo watoto wengi wataijua maishani. Siku yake huanza mapema. Juni na Julai ukungu wa milima ya Udzungwa hulala uwanjani mpaka saa mbili asubuhi, na wanafunzi hutokea ndani yake wawili wawili, sweta zimelowa mabegani, wengine wakiwa wametembea saa nzima na zaidi. Kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, inagongwa kwa kipande cha nondo. Wanapanga mistari kwa vidato, viranja wanahesabu, mwalimu wa zamu anasimama mbele. Kisha, katika shule nyingi, kabla ya matangazo na kabla ya Wimbo wa Taifa, mwanafunzi mmoja anaitwa aombe.

Sala yenyewe haizidi dakika moja, lakini imebeba swali zito. Shule ni ya serikali, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 3, inaitaja nchi kuwa isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Watu wenyewe, hata hivyo, wana dini, tena wanaishika kwa nguvu. Kilolo ina Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na Waislamu, na ina wazee ambao hawakuacha kutambika hata baada ya kubatizwa. Wote hao wanaleta watoto wao katika mstari uleule. Basi anayeomba pale mbele anaomba kwa niaba ya nani? Na ikiwa shule haina dini, maadili inayowafundisha watoto hao yanasimama juu ya nini?

Swali hili lina historia yake, kwa sababu Uhehe, nchi ya Wahehe ambamo Kilolo imo, uliijua shule kwanza kupitia misheni. Walutheri wa Misheni ya Berlin waliingia nyanda hizi mwishoni mwa karne ya 19, wakati Wajerumani walipokuwa wakiivunja dola ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Wakatoliki walijenga Tosamaganga, iliyoanzishwa na Wabenediktini na kuendelezwa na Wakonsolata kutoka Italia. Kijiji cha Pomerini, kilichomo ndani ya Kilolo ya leo, kinabeba jina la Pommern, nchi ya mbali kando ya Bahari ya Baltiki, lililobaki katika ndimi za wenyeji hata baada ya walioliweka kuondoka. Wakati huo darasa la kusoma na darasa la ubatizo vilikuwa chini ya paa moja, mara nyingi chini ya mtu mmoja, na mpaka leo katika vijiji vingi vya Kikatoliki katekista huitwa mwalimu. Jambo hilo lilikuwa na gharama. Mzazi Mwislamu, popote Tanganyika, alipoangalia shule ya misheni aliona mlango ambao mwanawe angeweza kuingia akiwa na jina moja na kutoka akiwa na jingine.

Serikali ya Uhuru ilijibu kwa Sheria ya Elimu ya 1969, iliyozichukua shule nyingi za mashirika ya dini na kuziweka chini ya umma, ili mlango usimwulize mtoto dini yake. Makanisa yalipoteza shule, ingawa baadaye yaliruhusiwa kujenga nyingine, na mwaka 1992 yalitia saini makubaliano na serikali kuhusu huduma za elimu na afya, makubaliano ambayo Waislamu wengi wameyalalamikia kwamba yanaupendelea upande mmoja. Malalamiko hayo hayajazimika, na mwandishi yeyote anayeisifu shule ya umma kana kwamba iliumaliza ugomvi huo hajawasikiliza watu.

Sekondari ya kata ilikuja baadaye sana. Wilaya ya Kilolo ilikatwa kutoka Iringa Vijijini mwaka 2002. Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na kila kata nchini ikaagizwa iwe na shule yake. Kufikia 2010 sekondari za serikali zilikuwa zimepita 3,000. Idadi kama hiyo haikutokana na hazina ya serikali peke yake. Ilitokana na nguvu za wananchi: michango ya kila kaya, mawe, mchanga, matofali ya kuchoma, na maji yaliyobebwa kichwani kutoka bondeni, kisha serikali ikaleta bati na walimu. Hapa kuna jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Ukuta wa darasa la kata una tofali la Mlutheri juu ya tofali la Mkatoliki, na pembeni tofali la mzee ambaye haingii nyumba yoyote ya ibada. Hakuna aliyeliwekea alama lake. Shule nyingi za misheni za Kikatoliki zilikuwa na mtakatifu wao, picha yake ukutani na sikukuu yake katika kalenda. Shule ya kata haina mtu wa namna hiyo. Waasisi wake bado wanalima viazi na njegere mlimani, au nyanya na vitunguu Ilula na Ruaha Mbuyuni, na wanapokuja kwenye kikao cha wazazi wanakaa kwenye madawati waliyoyachangia.

Kusema kwamba shule hii haina dini kunaweza kumaanisha mambo mawili, na mengi hutegemea ni lipi limekusudiwa. La kwanza ni kwamba dini imetolewa nje na nafasi yake imeachwa tupu. La pili ni kwamba hakuna dini iliyopewa ufunguo wa nyumba, ingawa zote zinaweza kuingia. Ufaransa imechagua njia iliyo karibu na ya kwanza: sheria ya 2004 iliwakataza wanafunzi wa shule za umma kuvaa alama za wazi za dini, hijabu ikiwemo. Marekani nayo ina kesi maarufu ya 1962, ambamo Mahakama ya Juu ilikataa sala iliyotungwa na mamlaka ya elimu ya New York isomwe shuleni. Sala ile haikutaja Yesu wala dhehebu lolote, ilimtaja Mungu tu. Mahakama haikujali ulaini wake. Ilisema kutunga sala, hata iliyo laini namna gani, si kazi ya serikali.

Tanzania imeifuata njia ya pili, kwa mazoea zaidi kuliko kwa maandishi. Binti Mwislamu anavaa hijabu pamoja na sare ya shule. Ratiba ina kipindi cha dini. Wimbo wa Taifa wenyewe ni dua: Enoch Sontonga, aliyeitunga tuni yake mwaka 1897, alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, na alichokitunga kilikuwa wimbo wa ibada. Kila asubuhi, basi, dola isiyo na dini inasimama wima, mikono ubavuni, ikimwomba Mungu baraka, na hakuna anayeona kioja.

Kinachoiwezesha dua hiyo ni lugha yenyewe. Maneno ambayo Mkristo wa Kilolo anaombea kwa Kiswahili yalikuwa ya Waislamu wa pwani kabla hayajawa yake: sala, imani, ibada, dhambi, toba, baraka, malaika, shetani, yote yana asili ya Kiarabu. Neno Mungu, kwa upande mwingine, ni la Kibantu, la zamani kuliko kanisa na msikiti katika nchi hizi. Mtoto anapofumba macho mstarini na kusema kwa Kiswahili kwamba anamshukuru Mungu kwa baraka, amekwisha kutumia urithi wa pande zote mbili ndani ya sentensi moja. Lugha chache duniani zina bahati hii. Sala ya jumla, ambayo kwingine husikika kama maji yaliyochujwa mpaka yakakosa ladha, kwa Kiswahili inaweza kuwa na uzito wa kweli.

Lakini sala ya mstarini mara nyingi haibaki ya jumla. Kilolo ni nchi ya makanisa, na mtoto aliyelelewa kanisani humaliza sala kama alivyofundishwa, kwa jina la Yesu Kristo. Mstari unajibu kwa sauti moja: Amina. Neno hilo pia ni la wote, msikitini linaitikiwa na kanisani linaitikiwa. Ndiyo maana linamweka mtoto wa Kiislamu katika njia panda. Akijibu, amekubali kwa mdomo jambo ambalo imani yake hailikubali. Akinyamaza, jirani yake wa mstari amesikia ukimya wake. Wengi hujibu, kwa adabu. Wengine hutazama chini, mikono imefunguka kidogo mbele ya kifua, na kusoma yao kimoyomoyo. Mwalimu wa zamu hana ubaya wowote, wala aliyeomba hana. Ila mtu mmoja katika mia tatu ameanza siku akiwa mgeni katika shule ambayo baba yake alichangia matofali.

Kuna njia tatu ambazo shule hujaribu. Baadhi huagiza sala isitaje lolote zaidi ya Mungu. Baadhi huacha kila mtu anyamaze na kuomba kimya. Nyingine huweka zamu, leo Mkristo, kesho Mwislamu, na dua inasomwa kwa Kiarabu mbele ya watoto ambao hawajawahi kuisikia. Njia ya zamu ina hoja nzuri kuliko nyingine, kwa sababu inamfanya mwanafunzi amsikie jirani yake akizungumza na Mungu kwa sauti yake mwenyewe, na hilo ni jambo ambalo mitaala haina somo la kulifundisha. Lakini zamu ina masharti. Haifai ikiwa mwenye dini ya wachache ni mmoja tu na analazimika kuwa mwakilishi wa umma mzima kila wiki, mtoto wa miaka kumi na minne aliyebebeshwa Uislamu wote mabegani. Na haifai ikiwa asiyejibu Amina anatazamwa kwa jicho baya. Uhuru wa imani shuleni hupimwa mahali hapo, kwa mtoto aliyenyamaza na namna anavyoachwa anyamaze kwa amani.

Kipindi cha dini kwenye ratiba huonyesha mgawanyiko waziwazi zaidi. Kengele ikigongwa, madarasa yanavunjika na kupangwa upya. Wakatoliki wa kikundi cha TYCS wanakwenda chumba kimoja, UKWATA ya Walutheri na Waanglikana chumba kingine, CASFETA ya Wapentekoste mara nyingi ndiyo inayosikika mbali zaidi. Waislamu hukaa penye nafasi, na wakiwa wachache mno huwa hawana wa kuwafundisha, kwa maana shehe yuko mji mwingine na nauli haipo. Padri, mchungaji au mwinjilisti akifika kwa pikipiki kipindi kinakuwa cha mafundisho; asipofika, wanafunzi wenyewe wanaongozana. Vikundi hivi vina faida ambayo mtu wa nje haioni haraka. Humo ndimo mtoto mwenye aibu anajifunza kusimama mbele za watu, kutunza daftari la mapato ya kikundi, kupatanisha wawili waliogombana. Wengi wa viongozi wa vijiji vya Nyanda za Juu walianza kushika madaraka katika kwaya na umoja wa wanafunzi kabla hawajashika mhuri wowote.

Kuna mwanafunzi mmoja ambaye kipindi hicho kinamkuta hana pa kwenda. Ni yule ambaye nyumbani kwao dini ni ya babu. Wahehe walimwita Mungu Nguluvi muda mrefu kabla ya misheni, na waliamini kwamba waliokufa hawajaenda mbali. Mambo yakiharibika, mvua ikikataa au mtoto akiugua bila sababu, familia ilikwenda kaburini na unga na pombe, ikazungumza na wazee wake kwa kuwataja majina. Tambiko hilo halijakufa Kilolo. Linafanywa kimya, na mara nyingi na watu walewale wanaopokea sakramenti Jumapili. Shuleni halina kipindi wala kikundi, na likitajwa hutajwa katika somo la Historia kama jambo la wakati uliopita, au na mhubiri kama jambo la giza. Mtoto anajifunza upesi kwamba sehemu hiyo ya nyumba yao haipelekwi shule.

Historia ya Mkwawa inaonyesha jinsi hilo lilivyo gumu. Mkwawa alijiua Julai 1898 ili asikamatwe, na Wajerumani wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika ibara ya 246, ulidai fuvu lirudishwe, na mwaka 1954 Gavana Edward Twining akalikabidhi kwa Wahehe huko Kalenga. Darasani hiyo ni mada ya upinzani dhidi ya ukoloni, na mtihani unaweza kuuliza sababu zake. Lakini kwa nini watu walitaka kichwa kile kwa zaidi ya nusu karne? Jibu haliwezi kutolewa bila kukubali kwamba kwao mfu alikuwa bado na haki zake, na kwamba kumzika mtu nusu ni deni. John Mbiti, Mkenya aliyekuwa akifundisha Makerere, alilieleza wazo hili mwaka 1969 kwa maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani: aliyekufa anabaki katika sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, na anapokufa wa mwisho wao ndipo anapoingia zamani. Mwanafunzi wa Kilolo anayesoma Mkwawa kama tarehe amepewa nusu tu ya somo.

Dini ya babu iliyofungiwa nje ina namna ya kurudi kwa mlango mwingine. Katika shule nyingi za Tanzania, hasa penye mabweni ya wasichana, hutokea siku ambapo binti mmoja anapiga kelele na kuanguka, kisha wa pili, kisha kumi. Watu wanasema mapepo. Mchungaji anaitwa, shehe anaitwa, wazazi wanataka mganga, daktari wa zahanati anapima na hakuti homa. Tukio moja la namna hii lililoandikwa kwa makini lilianza tarehe 30 Januari 1962 huko Kashasha, katika mkoa wa Kagera wa leo, katika shule ya wasichana ya misheni. Lilikuwa la kicheko na kilio. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Madaktari waliochunguza hawakupata sumu wala kidudu chochote.

Kila maelezo ya tukio kama hilo yana mtu anayemwelekezea kidole. Anayesema ni pepo anamtafuta aliyelituma, na mara nyingi kidole kinamwangukia bibi kizee jirani wa shule, au mwalimu asiyependwa, au mwanafunzi mwenzao aliye mpweke. Sheria ya Uchawi, ambayo imekuwepo tangu 1928, inafanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Anayesema ni maigizo anawalaumu wasichana wenyewe. Anayesema ni msongo wa mawazo amefika karibu zaidi na ukweli, lakini akiishia hapo amewapa ugonjwa jina bila kuuliza umetoka wapi. Wasichana hao mara nyingi wana sababu nzito za kulia: njaa, hofu ya mtihani, hofu ya mtu fulani, baridi ya bweni lisilo na dirisha zima, habari mbaya kutoka nyumbani. Mtoto asiyeruhusiwa kusema kwamba anateseka anaweza kuusemesha mwili wake. Sala inaweza kumtuliza, na hakuna sababu ya kuikataa. Lakini baada ya sala mtu mzima anayeaminika akae naye, amwulize, na asikilize mpaka mwisho.

Ugumu wa kusema una sehemu yake nyingine, nayo ni lugha tatu za shule. Nyumbani mtoto anaamkiwa kamwene na kukanywa kwa Kihehe. Mstarini anaombewa, anasifiwa na kuchapwa kwa Kiswahili. Darasani, alipofika kidato cha kwanza, kwa miaka mingi wema na haki na wajibu vilifundishwa katika somo la Uraia kwa Kiingereza, naye alivinakili ubaoni kama alivyonakili sehemu za ua. Aliweza kuorodhesha sifa tano za raia mwema na asihisi kwamba ni zilezile ambazo bibi yake anaziita kwa neno moja. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililokuja na mtaala ulioanza kutumika kwa awamu kuanzia 2024, linaletwa kwa Kiswahili. Ni hatua ya haki, iliyochelewa. Maadili yanahitaji lugha ambayo mtu anaionea haya na kuombea msamaha.

Karibu na Novemba, kidato cha nne kinapokaribia mtihani wa taifa, dini zote huamka pamoja. Kalamu zinapelekwa kanisani zikaombewe, dua inasomwa, na wapo wazazi wanaokwenda kaburini usiku. Imani hiyo ina uzuri wake, lakini matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha hatari yake. Watahiniwa sita katika kila kumi walipata daraja la sifuri, na shule za kata ndizo zilizoumia zaidi, ingawa matokeo hayo yalikokotolewa upya mwaka uliofuata. Nyumba nyingi zilisema Mungu hakupanga. Maneno hayo humfariji mtoto aliyeanguka, na haifai kumnyang'anya. Ila shule haina ruhusa ya kuyatumia. Chumba kisicho na mwalimu wa Hisabati kwa miaka miwili hakikupangwa na Mungu, na kumsingizia ni kufuru ambayo Mkristo na Mwislamu wote wangeitambua mara moja.

Jumuiya ya wanafunzi, kwa kweli, inajengeka zaidi katika mambo yasiyo na kipindi. Wanaotoka mbali hupanga chumba karibu na shule, wanakiita geto, wawili au watatu pamoja. Sufuria ni moja, mafiga matatu, gunia la mahindi na debe la maharage lililoletwa na mzazi mwanzo wa muhula. Katika geto hakuna anayeuliza dhehebu wakati wa kuchota maji. Ramadhani mwenye kufunga anapikiwa daku na mwenzake Mlutheri aliyeamka kusoma, na Kwaresima inapita kukiwa na siku za kunde bila mafuta ambazo zingekuwepo hata bila Kwaresima. Utu, ambao vitabu vya falsafa vimeuandikia kurasa nyingi, hapo ni jambo la nani anafunika moto ili asubuhi pawepo kaa.

Msiba huonyesha jumuiya hiyo kwa ukamilifu. Mwanafunzi akifiwa na mzazi, habari hutangazwa mstarini, na daftari la rambirambi linapita darasani. Mia mbili, mia tano, asiye na hela anaandika kikombe cha unga. Siku ya mazishi darasa zima linatembea na mwalimu wake, kilomita nane au kumi, kwa mstari mrefu unaopanda na kushuka kati ya misonobari, sare zimefuliwa jana yake na bado zina unyevu. Wavulana wanasaidia kujaza kaburi. Wasichana wanaingia jikoni bila kuombwa. Kwaya ya UKWATA inaimba ikiwa marehemu ni wa kwao. Akiwa Mwislamu, watoto wanasimama nyuma kimya wakati wa swala, na waliozoea kuimba wanashika midomo yao. Hakuna aliyewafundisha hayo kwa ratiba. Hapa swali la mstarini linapata jibu lake la kwanza. Kilichowaleta ni mfiwa, rafiki yao wa dawati. Dini ya kila mmoja imempa namna ya kusimama pale, lakini sababu ya kusimama wote wanayo moja.

Ndiyo maana jambo lililoipima zaidi shule ya umma kwa miongo mingi lilikuwa la wale iliowatoa nje. Msichana aliyepata mimba alifukuzwa. Vipimo vilifanywa, jina lilifutwa, na mvulana au mtu mzima aliyehusika mara nyingi hakutajwa. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya maadili, na wengi waliitetea kwa maandiko: akibaki atawaharibu wengine. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alirudia kwa ukali kwamba hatarudi. Novemba 2021 serikali ilibadili msimamo, na Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako akatangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, waliojifungua wakiwemo, wanaweza kurejea katika mfumo rasmi. Iringa ni mkoa ambao mabinti wake wamekwenda kwa miaka mingi kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, na waliotolewa shuleni walikuwa katika msafara huo. Hoja ya kuwafukuza ilikuwa dhaifu kwa kipimo cha dini yenyewe. Ukristo na Uislamu vyote vinafundisha toba na msamaha, na tambiko la babu lilikuwa na taratibu za kumrudisha aliyekosa katika ukoo wake. Ni shule peke yake iliyokuwa na adhabu isiyo na mlango wa kurudi.

Mlango sasa upo, ingawa kuupita ni kazi. Msichana anayerudi Kilolo anarudi akiwa na mtoto mgongoni mwa bibi, amechelewa mwaka au miwili, na asubuhi ya kwanza anasimama mstarini nyuma ya wale waliokuwa wadogo zake wa darasa. Wazazi wengine hulalamika kwenye kikao. Wahubiri wengine hunyamaza. Ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka ilifutwa Januari 2016, kwa hiyo hilo angalau halimzuii, lakini macho yanamzuia. Mkuu wa shule mwenye busara humpa kazi mapema, labda kuitunza maktaba au kushika ufunguo wa stoo, ili jina lake litajwe kwa jambo jingine.

Kisha mwaka unakwisha. Kidato cha nne wanafanya mahafali yao, wazazi wanawavisha mashada, padri au mchungaji anabariki na shehe, akiwepo, anasoma dua. Wanatawanyika: wengine kidato cha tano mikoa mingine, wengine chuo cha ufundi, wengine kwenye mbao na mashamba ya nyanya, wengine basi la Dar es Salaam pale Ilula. Majina yao yanabaki kwenye rejesta katika kabati la mkuu wa shule, kwa wino wa bluu, dini ya kila mmoja ikiwa imeandikwa au imeachwa wazi. Januari mistari inapangwa upya uwanjani, kidato cha kwanza wakiwa mbele na sweta zilizowazidi, na kiranja anatafuta nani ataomba.